Marejeo ni Ngamani

Wazee wetu wa pwani, waliokuwa watu wa majahazi, walituachia neno fupi lenye maana ndefu: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake. Ama ngama, ni kule chini tumboni mwa chombo, penye giza na joto, ambako maji yavujayo hukusanyika na watu hushuka kuyafua. Mara nyingi neno hili husemwa kwa kumtisha mtu aliyekwenda mbali, kana kwamba maana yake ni kuwa atarudi tu, apende asipende. Sisi twaona ya kuwa ndani yake mna fundisho kubwa kuliko hilo. Wazee hawakutwambia tu ya kuwa msafiri atarejea. Wametwambia pia atarejea mahali gani, na mahali penyewe si omo penye upepo, ambapo mtu huonekana na watu.

Kwa neno hilo twataka kuingia katika mas'ala yaliyo katika kila nyumba ya miji yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, nayo ni haya: mtu aliyekaa ng'ambo miaka kumi au ishirini, kisha akarejea kwao, yampasa arejee na nini? Na mji wake una haki gani juu yake, naye ana haki gani juu ya mji?

Watu wetu wamesafiri tangu zama za kungojea misimu ya pepo. Lakini zamani aliyeondoka na kusi alitarajiwa kurejea na kaskazi, na watoto wake hawakuwahi kumsahau sura. Leo mtu huondoka na ndevu za kwanza akarejea na mvi. Wako Jedda, Dubai na Maskati. Wako Uingereza, Kanada na Marekani. Kwa hisabu ya Benki Kuu ya Kenya, fedha walizotuma nyumbani Wakenya walioko nje katika mwaka 2024 zilipita dola bilioni 4.9 za Kimarekani. Fedha hizo ni chakula, ni ada za skuli, ni dawa za wazee, wala hapana mwenye haki ya kuzidharau. Lakini fedha zikizoea kuja peke yake, watu huanza kumsahau yule azitumaye. Na siku mwenyewe ajapo, hutazamwa mikono yake kabla ya uso wake.

Sikilizeni yasemwayo barazani juu ya mtu aliyefika jana. Swali la kwanza huwa ni "Amekuja na nini?" Ikisemwa kuwa amekuja na gari na amenunua kiwanja, huhukumiwa kuwa amefaulu. Ikisemwa kuwa amekuja na sanduku moja, husemwa kuwa safari imemtupa. Kuleta zawadi ni jambo jema, na dini yetu imetuhimiza kupeana zawadi ili mapenzi yazidi. Lakini zawadi ikidaiwa haiwi zawadi tena, huwa ni kodi. Na kodi hii hutozwa na jamaa, na jirani, na mwenziwe wa chuoni, kila mmoja akipima heshima yake kwa thamani ya alichopewa.

Kwa kipimo hicho warejeao wamekuwa watu wa namna tatu, na kila namna ina maradhi yake.

Wa kwanza ni yule aliyerejea na mali. Huyu hupokewa kwa vigelegele, na kwa muda huona kuwa mji wote ni wake. Hufanya karamu ambayo gharama yake ingalisomesha mayatima mwaka mzima. Harusi ya bintiye huwa ni ya kushindana na harusi ya fulani. Hujenga nyumba yenye ukuta mrefu, kisha akashangaa kuwa hapana mtu abishaye hodi ila mwenye haja. Ukimwuliza mji una dosari gani, atakuhisabia: taka za njiani, taa zisizowaka, vijana wasiofanya kazi. Yote ayasemayo ni kweli. Lakini huyasema kama mgeni asemavyo juu ya nyumba aliyopanga, wala hamna hata moja ambalo amelishika kwa mkono wake. Huyu amerejea, ila bado amekaa omo.

Wa pili ni yule aliyerejea na elimu. Na hapa twaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwa kuwa tunasema na watu wetu wenyewe, watu wa darasa na vitabu. Kijana huenda Misri au Bara Arabu akasoma miaka sita au minane. Hurejea na shahada, na lugha fasaha, na ari ya kutengeneza. Kabla hajamaliza mwezi huwa amekwisha kuwatia makosani imamu wa mtaa, na mwalimu aliyemfundisha alifu na be, na nyanyake kwa dua azisomazo. Huenda katika mengi ana haki. Hatusemi kuwa mabaya yaachwe, na lau tungesema hivyo kurasa hizi zisingekuwa na kazi. Twasema ya kuwa kuna adabu ya kurejea, na adabu hiyo imo katika Sunna anayoitetea.

Katika Hadithi sahihi zilizopokewa na Jabir bin Abdillahi r.a., Mtume s.a.w. alimkataza mtu aliyekuwa safarini muda mrefu asiwaingilie watu wake usiku kwa ghafula. Katika baadhi ya mapokezi imetajwa na sababu yake: isiwe ni kuwadhania khiyana au kuwatafutia makosa. Na tuzingatie vizuri. Katazo hili halikuwekewa mtu mwovu. Limewekewa kila msafiri, kwa kuwa aliyekuwa mbali ana jicho kali. Huyaona mara moja yale ambayo aliyebaki ameyazoea, na jicho hilo laweza kuwa ni neema, laweza kuwa ni balaa. Basi ikiwa mtu amekatazwa kuiingilia nyumba yake mwenyewe kwa nia ya kutafuta makosa, yafaaje auingilie mji mzima kwa nia hiyo? Tena imepokewa na Kaab bin Malik r.a. ya kuwa Mtume s.a.w. alipokuwa akirejea safarini, alianza msikitini, akasali rakaa mbili, kisha akakaa kwa ajili ya watu. Alikaa, nao wakamjia. Aliyerejea na elimu na akae kwanza. Asikilize nani amekufa, na nani ana deni, na kwa nini jambo fulani lilifanywa vile lilivyofanywa. Akisha kujua hayo, neno lake litakuwa na uzito ambao shahada peke yake haikumpa.

Wa tatu ni yule aliyerejea mikono mitupu, na huyu ndiye aliyetufanya tushike kalamu. Katika nchi nyingi za Ghuba, ruhusa ya mfanyakazi wa kigeni kuishi huko imefungwa kwa mwajiri wake, kwa utaratibu uitwao kafala. Mwajiri akiwa mcha Mungu, mfanyakazi husalimika. Akiwa dhalimu, humnyima mshahara, hushika pasi yake, na akitoroka humshitaki kwa utoro. Saudi Arabia ilipolegeza kanuni hizo mwezi wa Machi 2021, watumishi wa majumbani hawakuingizwa katika ruhusa ile. Na wengi wa mabinti zetu waliokwenda huko walikwenda kwa kazi hiyo. Wako waliorejea na akiba, wakawajengea mama zao, Alhamdulillahi. Na wako waliorejea kabla ya muda wao, wamekonda, hawana senti, na nyuma yao lipo deni la wakala au la jamaa aliyewakopesha nauli.

Sasa tutazame mji wa Waislamu wampokeavyo binti kama huyu. Jirani hunong'ona: "Mbona amerudi mapema? Hapana moshi pasipo moto." Mwanamke aliyedhulumiwa ugenini hudhulumiwa mara ya pili kwao, na mara hii na watu wasalio pamoja na babake safu moja. Je, wasemao hayo wajua uzito wa wasemayo? Sharia imemtaka mwenye kumzulia mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne. Akishindwa, imemwekea adhabu ya viboko themanini na imeukataa ushahidi wake. Hukumu hiyo haikuondolewa kwa sababu yule mwanamke alipanda ndege.

Na wako wale ambao hawarejei kabisa, kwa kuogopa macho ya baraza. Mtu kazi imemwishia, au afya imemwishia, naye yumo chumbani na wenziwe wanane katika mji wa kigeni, akila mlo mmoja kwa siku. Akiulizwa kwa simu, "Utakuja lini?" husema, "Mwakani, inshaallah, mambo yakikaa vizuri." Mwaka hupita, na mwengine. Mamake hufa, naye husikia khabari ya maziko kwa simu ile ile. Ni nini kilichomzuia? Nauli pengine angeipata. Alichoogopa ni swali letu, "Amekuja na nini?" Tumelifanya swali hilo kuwa ukuta baina ya mtoto na mamake, kisha twamlaumu mtoto kuwa ameisahau asili yake.

Namna hizi tatu zaonekana mbali mbali, lakini mzizi wake ni mmoja. Mwenye mali, na mwenye elimu, na asiye na kitu, wote wamepimwa kwa shehena. Wa kwanza na wa pili wamekikubali kipimo hicho kwa kuwa kimewainua. Wa tatu amekikubali kwa kuwa hakujua kingine. Na mji, kwa kupokea shehena na kumwacha mtu, umejipunja: una fedha za watoto wake, lakini hauna mikono yao wala rai zao.

Marejeo makubwa kuliko yote katika tarehe yetu ni ya mwaka wa 8 wa Hijra, mwezi wa Ramadhani, sawa na Januari 630, Mtume s.a.w. alipoingia Makka baada ya kutolewa miaka minane nyuma. Lau kuna mrejeaji aliyekuwa na haki ya kukaa omo, ni yeye. Wapokezi wa sira wasimulia ya kuwa aliingia ameinamisha kichwa juu ya mnyama wake kwa kumnyenyekea Mola wake, na waliomfukuza akawaachilia huru. Tena kuna jambo ambalo twalipita mbio. Alipoulizwa atashukia wapi Makka, alijibu kwa kuuliza kama Aqil amewabakishia nyumba yoyote. Kwani nyumba za jamaa zilikuwa zimekwisha kuingia mikononi mwa Aqil, mtoto wa ami yake, naye hakubakisha. Basi alipigiwa hema. Mwenye mji alirejea mjini kwake akalala hemani, na jeshi zima analo, wala hakumtoa mtu nyumbani.

Na asije mtu akaifanya khabari hii kuwa kinga ya khiyana. Twawajua watu waliotumiwa fedha na ndugu zao kwa miaka mingi ili wawajengee, wakazila, na mwenyewe aliporejea akaonyeshwa msingi uliomea majani. Kusamehe ni hiari ya aliyedhulumiwa. Aliyekula amana hana ruhusa ya kuidai samahani kama haki yake. Tumeamrishwa kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, wala undugu haukutolewa katika amri hiyo. Atumaye fedha na aandike, na apokeaye na akubali kuandikiwa, asione kuwa ametukanwa. Karatasi moja mwanzoni huokoa udugu wa miaka thelathini.

Yamkini msomaji atatupinga akisema: "Mkiwaambia watu wasiulize aliyerejea ameleta nini, vijana watakwenda ng'ambo wakawasahau wazee wao, kwani hawataona haya." Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Lakini tutenge haki na fahari. Mzazi mhitaji ana haki kwa mwanawe, awe ng'ambo au awe mtaa wa pili, na mke ana haki ya matumizi, na watoto vile vile. Hizo ni faradhi, na asiyezitimiza hali aweza huulizwa na Mungu kabla ya kuulizwa na watu. Ama ghorofa, na karamu, na saa ya dhahabu kwa binamu, hayo si haki ya mtu. Haya ambayo imekuwa ikiwashika vijana wetu imekaa mahali sipo: mtu haoni haya kutompelekea mkewe matumizi miezi sita, lakini aona haya kurejea bila ya zawadi za baraza.

Na mji nao una wajibu wake, ambao ni kumpa aliyerejea kazi na mahali. Wengi wetu twawajua jamaa waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, baadhi yao wakapitia hapa Mombasa. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwezi wa Julai 1970, aliwaita Waomani walioko nje warejee. Nchi ile wakati huo ilikuwa na skuli tatu tu za mtindo wa kisasa, na zote za wavulana. Wengi wa waliotoka huku kwetu hawakuwa wameiona Oman maishani mwao, na baadhi yao Kiarabu hawakukijua sawasawa. Unguja waliitwa Waarabu. Oman wakaitwa Wazanzibari. Lakini walikuwa wamesoma, na nchi ilikuwa na haja ya walimu, wauguzi, makarani na watu wa mafuta. Basi wakapewa kazi, na kazi ndiyo iliyowafanya wenyeji. Lugha waliendelea kujifunza wakiwa kazini, na Kiswahili chao kikabaki majumbani mwao. Hatudai kuwa hawakuona uchungu; mtu aitwaye mgeni pande mbili huona uchungu. Twasema tu ya kuwa waliitwa kwa kuhitajiwa, wala hawakungojewa forodhani watazamwe masanduku.

Wala hatusemi kuwa kila aliyeko ng'ambo ni lazima arejee akae. Makka ilipofunguliwa, baadhi ya Ansari walihofu ya kuwa Mtume s.a.w. ameshikwa na mapenzi ya mji wake. Aliwahakikishia ya kuwa uhai wake na kufa kwake kuko pamoja nao. Akarejea Madina, na huko ndiko alikofia mwaka 632. Kumbe mtu aweza kuupenda mji wake, na kuufanyia kheri, na maskani yake yakawa kwengine kwa ahadi aliyoifunga. Hata sheria ya nchi yetu imelielewa jambo hili: kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya mzima aliyechukua uraia wa nchi nyengine aliupoteza wa Kenya, tangu hapo mzaliwa haupotezi kwa sababu hiyo, na aliyekuwa ameupoteza aweza kuuomba tena. Mlango umewekwa wazi na serikali. Isiwe sisi, jamaa na majirani, ndio tuufungao.

Basi twasema nini kwa ufupi? Kwa aliyerejea: anza msikitini, kisha kaa kwa ajili ya watu. Lipa deni uliloliacha kabla ya kufanya karamu. Kisha shuka ngamani. Tafuta pahali pamoja panapovuja katika mtaa wako, chuo kisicho na mwalimu, au kisima kilichoharibika, au mayatima wasio na wa kuwapeleka skuli, ukapashike kwa mkono wako pamoja na wale uliowakuta wakifua maji. Ukisha kulowa pamoja nao, sema utakalo juu ya chombo; watakusikiliza, kwa kuwa watajua ya kuwa kikizama utazama nacho.

Kwa waliobaki: mpokeeni mtu kabla ya mzigo wake. Wenye kugawa zaka na wakumbuke ya kuwa katika mafungu manane ya zaka limo fungu la wenye madeni, na limo la msafiri aliyekatikiwa na njia. Binti aliyerejea na deni la wakala, na kijana aliyekwama ugenini bila ya nauli, huenda wakawa ni watu wa mafungu hayo hasa. Kila msikiti wenye kamati waweza kulitazama jambo hili kwa siri na staha, bila ya kutaja majina mimbarini. Na mzazi mwenye mtoto huko mbali na ampigie simu leo, amwambie kwa uwazi: "Mwanangu, mlango hauna bei. Njoo kama ulivyo."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe salama walioko mbali, na atupe sisi tuliobaki nyuso za kuwapokea. Wa billahi tawfiki.